Profu na Swali la Mukendi

Sijamsamehe, na ninaandika habari zake nikiwa bado sijamsamehe. Nimeona nianze hapo, asije mtu akasoma mpaka katikati akadhani ninaelekea kwenye machozi na kukumbatiana. Hapa Kolwezi, mji wetu wa migodi kusini mwa Kongo, wengi wanampenda. Ukifika mtaa wa Dilala ukataja "Profu" bila kuongeza jina, mwendesha pikipiki atakupeleka mpaka mlangoni kwake, kwenye zile nyumba za zamani za kampuni, na njiani atakusimulia jinsi alivyofundishwa naye. Hao wana picha yao. Hii ni yangu.

Alitoka wapi, baba yake alikuwa nani, sikuwahi kuuliza na sina haja. Nilimkuta amekwisha kukamilika: mrefu, mkavu, koti la bluu la kazi juu ya shati jeupe lililofungwa mpaka kifungo cha shingo, hata mwezi wa Oktoba ambapo jua linachoma na vumbi jekundu la malori linaingia mpaka kwenye meno. Alitembea katikati ya barabara kana kwamba pikipiki zote zilikuwa na wajibu wa kumkwepa, na kweli zilimkwepa. Sauti yake ilikuwa ndogo. Hakuhitaji kubwa, kwa sababu akiingia darasani sisi wenyewe tulizima zetu.

Alifundisha fizikia madarasa mawili ya mwisho ya sekondari, na katika fizikia kitu alichokipenda kama wengine wanavyopenda kanisa ni umeme na sumaku. Kitabu kilitupa sheria nne, moja chini ya nyingine, kila moja na jina la Mzungu aliyekufa zamani. Sisi tulitaka kuzikariri twende mtihani. Profu alikataa.

"Munazisoma sawa na bantu bane benye habajuani," alikuwa anasema. "Hii iko familia moja. Ukifukuza mumoja, bengine bote bataanguka."

Alileta mfuko mtupu wa chumvi, akaufunga mdomo, akatuambia tuuwazie chaji ya umeme ndani yake. Mistari ya umeme itatoboa mfuko ikitoka nje. Hesabu mistari inayotoka, utajua kilichomo bila kufungua: hiyo ni sheria ya kwanza. Kisha akaleta sumaku iliyovunjika, akatuonyesha kwamba kila kipande bado kina vichwa viwili, kaskazini na kusini, na kwamba hakuna aliyewahi kukamata kichwa kimoja peke yake. Kwa hiyo mistari ya sumaku inayotoka kwenye mfuko wowote ni sawasawa na inayoingia: ya pili. Akasukuma sumaku ndani ya koili ya waya, sindano ya kipimo ikaruka: sumaku inayobadilika inazaa umeme unaozunguka, ya tatu. Akapitisha mkondo kwenye waya, sindano ya dira ikageuka: mkondo unazaa sumaku inayozunguka, ya nne.

Hayo mwalimu yeyote angeweza. Kilichomtenga yeye ni alichofanya baadaye, alipoanza kuzifunga pamoja. Alisema ya tatu ni mlinzi wa ya pili. Kinachozunguka hakina mwanzo wala mwisho, hivyo umeme wa kuzunguka unapobadilisha sumaku hauwezi kuzaa kichwa kimoja kisicho na mwenzake. Kama leo hakuna kichwa cha peke yake, kesho hakitakuwepo, kwa sababu ya tatu imekaa mlangoni. Siku nilipolielewa hilo nilitembea mpaka nyumbani bila kusalimia mtu. Nilihisi nimeonyeshwa ukuta unaobeba nyumba nzima.

Naam, alikuwa mwalimu bora kuliko wote nilionao kichwani. Ndilo jambo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mjinga, ningemdharau nikalala.

Alikuwa na usemi mwingine: "Kintu hakipotei. Kama hakiko hapa, kulikuwa mulango kwenye kilipita." Alikuwa anazungumzia chaji, kwamba haiwezi kupungua mahali bila mkondo kuonekana ukitoka. Nimeufikiria usemi huo mara nyingi, kwa sababu naijua milango aliyoifungua yeye na nani alipita.

Wema alikuwa nao. Msichana mmoja wa darasa letu alizimia kwa njaa, na muhula mzima alikula bukari na sombe, ugali na kisamvu, mezani kwa Profu, na Profu hakulitaja hilo hata siku moja. Lakini mtu huyohuyo hakuvumilia kusahihishwa hata siku ya wiki. Asubuhi moja aliandika ubaoni kwamba ni Jumatano. Mtu wa nyuma akasema kwa heshima, "Profu, leo ni Alhamisi." Profu hakugeuka. "Mu kalasi hii iko Jumatano," akasema. Tukaandika Jumatano. Kesho yake akaandika Alhamisi, nasi tukafuata. Tulikuwa tunacheka nyumbani, tunamuigiza. Hatukujua tunacheka nini.

Mukendi alikuwa kaka yangu, darasa moja mbele yangu. Baba yetu alikuwa amekufa, na mama aliuza unga wa mahindi sokoni. Sisi ni watu wa Kasai kwa asili. Babu aliletwa huku kufanya kazi ya mgodi, na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kazi yake. Mukendi alikuwa mpole wa kuongea, mtu wa kutafuna muwa na kucheka polepole, lakini akishika jambo hakuliachia. Jioni alinichorea masomo yake kwenye vumbi la lupangu, uwanja wa nyumba yetu, kuku wakipita juu yake, na ndiyo maana nilizijua zile sheria nne hata kabla Profu hajanifundisha.

Siku ile sikuwemo darasani. Nilisimuliwa na wengi waliokuwemo, na wote walisimulia sawa.

Profu alikuwa amemaliza ya nne na kuiacha palepale: mkondo unazaa sumaku, basi. Mukendi akanyoosha mkono.

"Profu, niko na swali. Naweza kuchora?"

Profu akampa chaki. Mukendi akachora waya, akaukata katikati, na kwenye mkato akaweka bati mbili zinazotazamana bila kugusana. Kuuzunguka waya, kabla ya bati, akachora pete.

"Mukondo unapita, bati inajaa chaji," akasema. "Tunataka kujua sumaku mu hii pete. Ulisema tutandike ngozi mu pete, sawa ngoma, tuhesabu mukondo wenye kuitoboa. Sawa. Waya unatoboa ngozi, mukondo uko. Sasa mi naregeza ngozi, inakuwa sawa mufuko, inameza bati moja, inapita hapa katikati ya bati mbili. Hapa hakuna waya. Hakuna mukondo wenye kutoboa. Pete iko moja, Profu. Ngozi moja inasema sumaku iko, ingine inasema hakuna. Gani iko ya kweli?"

"Kaa," Profu akasema.

"Na tena, chaji inaongezeka ku bati. Sheria ya kwanza inaona mistari inaongezeka. Ya ine haione kintu. Weye mwenyewe ulitufundisha iko familia moja. Mi naona mu ya ine munapunguka kipande. Sumaku ikibadilika inazaa umeme, njo ya tatu. Basi umeme nao ukibadilika unapashwa kuzaa sumaku. Tukiongeza ile kipande, ngozi zote mbili zinasema neno moja."

Darasa likapiga makofi. Mtu akapiga mluzi.

Profu akachukua kifutio, akafuta mchoro wote, taratibu, kona kwa kona. Kisha akasema, "Toka." Mukendi akadhani ni mzaha. "Toka mu kalasi yangu. Sitaki kukuona tena."

Alikwenda mwenyewe kwa prefe, mkuu wa shule, akasema huyu kijana ameligeuza darasa kuwa soko, na ama yeye ama kijana. Prefe hakuwa na mwalimu mwingine wa fizikia. Mukendi akafukuzwa kwa utovu wa nidhamu, na bila shule hakuandikishwa mtihani wa taifa. Mama alifunga kitenge chake kizuri, akaenda kwa Profu nyumbani, akapiga magoti uani mbele ya majirani. Nilikuwa nimesimama nyuma yake.

"Tata, musamehe. Iko mutoto."

"Mama," Profu akajibu, hata hakumwambia ainuke, "mutoto wako anajua mingi. Aende afundishe fasi ingine."

Njiani mama aliniambia nimuachie Mungu. Nilikataa siku ileile. Nilimwambia Mungu ana kazi nyingi, hii nitaifanya mimi.

Mukendi alisema atangoja mwaka upite, atajiandikisha shule nyingine. Kungoja Kolwezi kuna maana moja kwa kijana mwenye mikono. Wenzake walikuwa wanachimba mtaa wa Kasulo, ndani ya nyumba ya mtu, shimo limeanzia sebuleni kando ya kabati la vyombo na kushuka kufuata kobalti. Akaenda nao. Alirudi jioni na udongo masikioni, anaoga, anakaa nami, ananiuliza tumefika wapi na Profu. Hakumtukana hata mara moja. Mimi ndiye nilikuwa namtukana, yeye anacheka polepole. Mvua zilipoanza mama alimsihi aache. Akasema wiki hii tu. Kuta za shimo zilikuwa zimelowa, zikaanguka. Walimtoa mchana, watu wamejaa barabarani, na nilimjua kwa miguu.

Profu alikuja kwenye kilio. Alivaa koti lake la bluu. Alisimama katikati ya wanawake waliokaa chini, akasema kwa ile sauti yake ndogo ambayo kila mtu huisikia: "Huyu alikuwa mwanafunzi wangu bora kuliko wote. Shule yetu imepoteza." Wanawake wakazidi kulia. Mama akamshika mkono, akamshukuru. Mimi nilikuwa nimebeba sinia ya vikombe, nikakiangalia kile kifungo cha shingoni. Nilitamani kukikaza mpaka sauti ile iishe.

Hapakupita muda mrefu baada ya maziko, na mwaka huo nilikuwa mimi kwenye darasa la mwisho, tulipofika sheria ya nne. Nilikaa mbele kabisa. Profu akachora waya. Akaukata. Akaweka bati mbili. Akachora pete.

"Siku moja," akasema, "nilijiuliza swali."

Akalieleza lote. Ngozi ya ngoma, ngozi ya mfuko, majibu mawili kwa pete moja. Akaongeza kile kipande, kisha akafanya jambo ambalo Mukendi hakupewa nafasi ya kulifikia. Alionyesha kwamba kipande hicho kikiingia, ya nne inakuwa mlinzi wa ya kwanza, kama ya tatu ilivyo mlinzi wa ya pili, na kwamba bila hicho chaji ingejaa kwenye bati bila mtu wa kuitolea habari. Akaonyesha kwamba sasa ya tatu na ya nne zinalishana: umeme unaobadilika unazaa sumaku, sumaku inayobadilika inazaa umeme, na wawili hao wanaondoka zao hewani bila waya wala chaji ya kuwabeba. "Ile njo mwanga," akasema. "Ile njo inaleta sauti mu telefone yako."

Ilikuwa nzuri mno. Uzuri wake na chuki vilinijia kwa wakati mmoja, na sikuweza kuvitenganisha. Darasa likapiga makofi. Profu akasimama akayapokea, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayenyeshewa mvua ya kwanza.

Tangu siku ile nilisoma kwa kulipiza kisasi. Wengine walisoma kwa ajili ya wazazi au kazi. Nilifaulu, nikaenda Lubumbashi, nikarudi na fizikia yangu, nikaomba kazi katika shule ileile na si nyingine. Prefe mpya alinipa darasa la mwisho, Profu akashushwa kufundisha wadogo. Tulikutana kwenye korido, amebeba sanduku la vifaa kulipeleka darasa la watoto. Alinisalimia. Nililiangalia sanduku, sikumjibu. Nilifurahi, na furaha hiyo sijaijutia. Darasani kwangu kile kipande kinaitwa kipande cha Mukendi. Nawaambia wanafunzi jina la kitabuni kwa ajili ya mtihani, lakini nikiwa nao sisi tunasema Mukendi, na najua Profu alilisikia likipita dirishani.

Lakini hiyo haikunitosha.

Alipostaafu, wanafunzi wa zamani waliamua kumfanyia sherehe shuleni. Atafundisha somo moja la mwisho, kisha jina lake litapakwa rangi juu ya mlango wa maabara. Waliniomba nihutubie. Nilikubali. Siku chache kabla, nikaenda kwake. Nilimkuta barazani, amevaa lile koti ingawa hakuwa na kazi ya kwenda.

"Profu, utafundisha nini?"

"Sheria ine. Sina kingine."

"Utafika mu ile kipande?"

"Somo haina maana bila ile kipande."

"Basi utataja jina."

Aliangalia barabara. Lori lilipita, vumbi likaja mpaka barazani. "Jina ya nani?"

"Unamujua."

"Bantu benye balikufa tunabaacha balale, binti."

"Usipotaja weye, nitataja mi."

"Unanitisha mu nyumba yangu?"

"Ndiyo, Profu. Nakutisha."

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Mama alikuja, akaketi pembeni na kitenge chake cha kanisani. Nje, fundi wa rangi alikuwa amesimama na brashi na kopo lake mbele ya mlango wa maabara, anangoja ishara. Profu akafundisha. Sikuwahi kumuona akifundisha vile. Alikuwa amezeeka, lakini zile sheria zilitoka moja baada ya nyingine, zikashikana, na hata watu wa mgodini waliosahau kila kitu waliinama mbele kusikiliza. Akafika kwenye waya. Akaukata, akaweka bati, akachora pete. Chaki ikasimama. Akageuka akaniona.

Nilimpa muda. Nasema kweli, nilimpa muda.

"Siku moja," akasema, "nilijiuliza..."

Nikainuka. Nikaenda mpaka ubaoni, nikamtoa chaki mkononi, na akaiachia bila kuvutana. Nikajaza mchoro mimi mwenyewe, ngozi, mishale, kila kitu, mgongo wangu ukiwaelekea watu kwa sababu sikutaka waone uso wangu. Kisha nikageuka nikasema yote. Swali, makofi, kifutio, mama akiwa magotini, Kasulo, kilio. Nikasema jina la kaka yangu kwa ukamilifu, na la baba yetu.

Prefe akasimama, akanigeukia. "Mama, tafadhali, leo haiko siku yake."

"Iko siku yake." Aliyesema alikuwa Kasongo, dereva wa malori makubwa ya mgodi, aliyekaa benchi moja na Mukendi mwaka ule. Alikuwa amesimama, kofia mkononi. "Mi nilikuwa pale. Njo mi nilianza kupiga makofi. Halafu alipofukuzwa nikanyamaza, juu nilitaka diplomu yangu."

Mwingine akainuka nyuma yake, na mwingine. Walisimama tu. Profu akatafuta mahali pa kukaa, akaketi kwenye benchi la mbele, lile dogo la wanafunzi, magoti yamepanda juu. Mwenyekiti wa sherehe akatoka nje, na kupitia dirishani nilimuona akimwambia fundi wa rangi arudi nyumbani. Fundi akafunga kopo lake kwa kuligonga na mpini wa brashi. Mama hakulia. Alikaa mikono juu ya mapaja, akiniangalia kama mtu anayemtambua mtu wa mbali.

Watu walipotawanyika, Profu alikuwa amesimama peke yake kando ya geti. Akaniita kwa mkono.

"Umeshiba?" akauliza.

"Bado kidogo."

Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba nilikuwa nimejibu sawa. "Nilijua iko na haki," akasema. "Ile kipande niliijua tangu universite. Haikuwa mu programu, nikaiacha. Haikuwa swali njo ilinikasirisha, binti. Balimupigia makofi. Mi nilifundisha hapa maisha yangu yote, kabla ya ile siku hakuna mutu alinipigia makofi."

"Mwaka wenye ulifuata balikupigia."

"Ndiyo," akasema. "Kwa swali yake."

Pikipiki ilisimama kumuuliza kama anapanda, akaipungia iende.

"Utanisamehe?"

"Hapana."

"Sawa." Akavuta koti lake kifuani. Alipiga hatua mbili, kisha akageuka, na uso wake ulikuwa ule wa darasani, wa mtu asiyeweza kujizuia. "Mishale yako katikati ya bati inaangalia nyuma. Uliichora na hasira. Ukiiacha vile, ya ine itagombana na ya kwanza tena. Batoto bataingia mule Jumatatu."

Nikarudi ukumbini. Viti vilikuwa vimepinduka ovyo, mchoro ungali ubaoni. Nilisimama nikaukagua, nikitumaini amekosea. Hakuwa amekosea. Nikaifuta mishale ile, nikaichora upya ikielekea inapoelekea mkondo, na juu ya kipande cha katikati nikaandika Mukendi kwa herufi kubwa. Nilipotoka, mama alikuwa ananingoja getini, na Profu alikuwa mbali katikati ya barabara, pikipiki zikimkwepa kulia na kushoto.

"Alikuomba nini?" mama akauliza.

"Msamaha."

"Ukamupa?"

"Nilimusahihishia mishale," nikasema. "Msamaha sikumupa."

Mama akanishika mkono, akaubana sana, hakusema nimuachie Mungu.